Mahali Ambapo Hawaulizi Kwenu

Sikuacha pombe kwa sababu ya ini langu wala ya mbinguni. Niliiacha ili nimwone wifi yangu akinyamaza. Watu hupenda kusikia kwamba mlevi aliamka asubuhi moja akaona mwanga. Mimi niliamka na hasira, na hasira hiyo ndiyo iliyonivalisha viatu.

Mume wangu alikuwa amefariki, nami nilikuwa nakunywa chang'aa tangu matanga yake. Wifi, dada yake mkubwa, alikuwa ameolewa Usenge na huko ndiye aliyewaongoza akina mama wa kanisa. Alikuja Kisumu akamfungashia binti yangu nguo, na mbele ya majirani akaniambia, "Mtoto utamwona ukishakuwa mtu." Kesho yake nilivaa viatu nikaenda kutafuta kikundi.

Miaka hiyo ya themanini vikundi vya walevi wanaotaka kuacha havikuwa vingi, na cha kwanza nilichopata kilikuwa cha kanisa. Nilimweleza mama mwenyekiti mambo yangu yote nikilia, tukiwa wawili tu. Jumapili akasimama kuniombea. Alimwomba Mungu amkumbuke dada yetu mjane anayelala na viatu, anayeuza sufuria zake, ambaye mtoto wake yuko Usenge. Kwetu ukitaka kumsengenya mtu bila kulaumiwa, unafumba macho kwanza. Maombi yale yalifika kwa wifi upesi kuliko lori la samaki, naye akanitumia salamu kwamba amesikia hata habari ya sufuria.

Kikundi cha pili kilikutana Milimani, kwenye ukumbi wenye zulia. Wote walikuwa wanaume wenye tai, wakizungumza Kiingereza, na ulevi wao ulikuwa wa wiski. Bwana mmoja alijitolea kunirudisha nyumbani Mamboleo kwa gari lake, na njiani akashauri tupitie mahali tupate moja baridi ya kutuliza mawazo. Nilishuka nikatembea. Kwa miaka mingi baadaye, nikikutana naye mjini, nilimwamkia kwa sauti na kumuuliza kikundi kinaendeleaje, hasa akiwa na mkewe.

Cha tatu kilikuwa Kisian, katika darasa la chekechea nyuma ya kinu cha posho, ambako tulikalia viti vya watoto, magoti yakikaribia kidevu. Mwenyekiti alikuwa mama kutoka Nyeri aliyeuza viazi sokoni Kisumu. Siku ya kwanza nilimsalimia mzee aliyeketi kando yangu, na kama mtu yeyote wa ziwani nikamuuliza kwao ni wapi na yeye ni mtoto wa nani. Darasa zima likanigeukia.

"Mama, hapa hatuulizangi mtu dala yake," mwenyekiti akaniambia. "Na Kiluo tunaachanga kwa mlango. Hapa ni Kiswahili tu."

Nilidhani ni dharau ya mgeni asiye Mluo. Kumbe wenyeji ndio waliomchagua, na sheria ilikuwa yao. Kwa Kiluo hatuwezi kumaliza salamu kabla hatujajua dala ya mtu, yaani ametoka boma gani, na ameoa wapi, na ukishajua hayo, siri yake imepata njia ya kwenda nyumbani. Yule mama wa viazi hakumjua shangazi ya mtu yeyote. Na katika Kiswahili chetu cha kuvunjikavunjika hatukuwa wa ukoo wowote, tulikuwa walevi tu. Nilirudi Ijumaa baada ya Ijumaa, na nikaacha kweli.

Halafu Ijumaa moja akaingia mume wa wifi. Alifanya kazi Kisumu na kurudi Usenge mwisho wa wiki, na huko alikuwa mzee wa kanisa. Aliponiona, miguu yake ilitaka kutoroka, lakini akaketi. Zamu yake ilipofika alisema kwamba mkewe ndiye humnunulia chang'aa na kumwekea kwenye birika jeusi jikoni, anywe ndani, asije akaonekana nje. Wengine walimpa pole. Mimi furaha ilinijaa hadi nikainamisha uso.

Nilikwenda Usenge katikati ya wiki, mume wa wifi akiwa kazini. Nilimkuta wifi uani na akina mama wa kanisa, dagaa wa omena wameanikwa pande zote. Alinitazama kuanzia miguuni, akawauliza wenzake kama hapo wanaona mtu. Wakacheka. Kisha akaniuliza, kwa adabu ya dhihaka, kama nitakunywa chai au nimebeba kinywaji changu.

"Chai nitakunywa, wifi," nikamjibu. "Bora tu isitoke kwenye lile birika jeusi."

Wenzake hawakuelewa kitu. Yeye alielewa, na mdomo wake ukabaki wazi. Nimeonja mengi maishani, lakini sijaonja kitu kitamu kama uso ule. Sheria ya Kisian sikuivunja, maana sikutaja mtu wala dala yake, niliomba chai tu. Wifi aliingia ndani kimya, akatoka na mfuko wa nguo na binti yangu nyuma yake.

Mtoto alikuwa amerefuka. Nilimnyooshea mikono. Akanisogelea, akakivuta kichwa changu chini, akaninusa mdomo taratibu, jinsi alivyofundishwa kumfanyia mama yake siku akija. Kisha akamgeukia shangazi yake, akatikisa kichwa kwamba hakuna kitu, ndipo akanishika mkono. Mengine yote nilikuwa nimeshayalipiza. Hili sijui nililipize vipi.