Ampea Nane za Baba

Baba alinipigia akiwa sokoni Merigi, akiongea kwa kunong'ona kama mtu anayefuatwa. "Njoo nyumbani. Mama yako amenyang'anya chaja zote."

Nilicheka mpaka nikaona aibu. Baba ni mwenyekiti wa kwaya ya kanisa, na siku hizi kwaya nzima inaishi ndani ya simu yake: nani ataimba, nani amenuna, sare ni ya rangi gani. Mashindano yalikuwa Jumapili hiyo, naye alikuwa akitembea hadi kwa kinyozi kuchaji, hali nyumbani kwake soketi zimejaa ukutani.

Kisa kilikuwa mayai. Mama alikuwa amenunua mashine ya kuangulia vifaranga, na kila alasiri, birika la chai likiwashwa, swichi ya stima ilijizima yenyewe. Mayai yakipoa sana, vifaranga hufia ndani. Mama hakuita fundi. Alivaa miwani akasoma maandishi madogo ya kila kifaa, kama anavyosoma tarehe kwenye dawa ya kupe kabla ya kuinunua, na akampata mwizi.

"Angalia hii," aliniambia nilipofika, akinisogezea chaja hadi puani. "2000 mA! Kidude kama hiki kinakula elfu mbili. Birika ni tisa. Hita ya babako ni nane. Mashine yangu hata moja haifiki. Sasa mwenye kuangusha stima ni nani?"

Chini ya meza, hita hiyo ilikuwa ikiwaka kwa amani, ikimpasha Baba miguu. Baridi ya kwetu si ya mchezo, na Baba anaipenda hita ile kuliko anavyotupenda sisi watoto wake. Alinitazama kama mshtakiwa anavyomtazama wakili.

Nilijua nikianza na mambo ya darasani nimekwisha. Lakini Mama huuza maziwa, na hakuna mnunuzi aliyewahi kumpunja hata kikombe.

"Mama, mililita elfu mbili ni maziwa kiasi gani?"

"Lita mbili. Kwani umesahau?"

"Basi hii nayo ni hivyo hivyo. Miliampea elfu moja ndiyo ampea moja. Ampea inapima stima inayopita kwa waya wakati mmoja. Chaja ni ampea mbili tu, na hizo ni zile zinazoenda kwa simu. Inayovuta kutoka ukutani ni kidogo hata zaidi."

Mama akaigeuza chaja na kuisoma upya. Baba akaanza kutabasamu, mkono wake ukitambaa mezani kuelekea chaja. Hapo ndipo nilipopaswa kufunga mdomo. Lakini kumfundisha mzazi wako kuna utamu wake, nami nilikuwa nimenogewa.

"Kwa hivyo birika ndilo kubwa, Mama. Ukilihesabu kwa miliampea ni elfu tisa."

"Na hita ya babako?"

Baba alinikanyaga. Nilichelewa kuelewa.

"Elfu nane."

"Na swichi inabeba ngapi?"

"Ampea kumi na tano."

Mama alijumlisha kabla sijafumba jicho. "Tisa na nane ni kumi na saba! Mnamwaga lita kumi na saba kwa mtungi wa kumi na tano, halafu mnasingizia chaja ya watu!"

Akainama, akachomoa hita, akaenda kuifungia stoo na kurudi na ufunguo shingoni. Akamrushia Baba chaja. "Chaji. Chaji mpaka ijae."

Birika lilichemka, stima haikuzima, mayai yakabaki na joto lake. Mama alituandalia chai akiwa na furaha tele. Baba alikaa mbele yangu, soksi mbili kila mguu, akibonyeza simu taratibu kwa kidole kimoja. Nilidhani anawaandikia wanakwaya, mpaka simu yangu ikalia mfukoni.

"Nilikuita kwa sababu ya chaja," aliandika. "Habari za hita nani alikuuliza?"