Kitufe cha Spika

Dukani, dereva wa lori aliyebandikwa jina la Spika aliikataa redio ya upepo iliyosikika vizuri, akachukua yenye antena ndefu ili watu waione kiunoni. Ukitaka kuongea unabonyeza kitufe. Ukitaka kusikia, unakiachia. Hilo la kuachia halikumwingia kichwani.

Siku lori lilipozama matopeni, aliomba msaada redioni mpaka sauti ikamkauka, kidole kimeng'ang'ania kitufe kama ruba. Akarudi nyumbani kwa miguu, amefura.

“Madereva wenzangu hawana utu! Hata mmoja hajanijibu!”

“Kitufe ulikiachia, baba watoto?” mkewe akamuuliza.

“Nikiachie vipi na sijamaliza kuongea?”

Mkewe akampa maji. “Pole. Mimi nakungoja umalize tangu uliponioa.”