Kibuyu cha Wakwe

Baba yangu ni mzee wa kanisa, na pombe hakuwahi kuionja. Siku wakwe walipokuja kwetu Mkolani kumalizia mahari yangu, walitoka Bukoba na kibuyu cha lubisi, pombe yao ya ndizi. Kwao, baba wa binti ndiye anayetangulia kunywa. Baba alikipokea kwa mikono miwili, akanywa, akapumua, akanywa tena mpaka kikaisha. Wageni wakapiga makofi. Mimi nilikuwa chumbani nimefunikwa kitenge, nikadhani wanashangilia mahari.

Baadaye tulimkuta amelala kitini, jasho linamtiririka, tukimwita haitiki. Tukamkimbiza hospitali.

Muuguzi wa chumba cha dharura alimlaza ubavu ili akitapika asipaliwe. Akauliza, "Amekunywa nini?"

"Huyu hanywi," baba mdogo akawahi. "Ni presha tu."

Nyuma yake walisimama wazee wa kanisa wenzake na baba, na suti zao. Harufu ilikuwa imejaa chumba kizima. Nilitamani kumziba baba mdogo mdomo.

Muuguzi akamgeukia mama. "Shikamoo mama. Mimi simsemi vibaya mzee. Nataka apone."

"Marahaba, mwanangu. Amekunywa lubisi, kibuyu kizima. Na asubuhi alimeza dawa zake za kisukari, halafu hakula, eti anasubiri wageni."

Alisema kwa sauti, wazee wote wakasikia. Nilimpenda mama wakati ule kuliko wakati wowote.

"Alianguka? Aligonga kichwa?"

"Hapana. Alikuwa kitini tu."

Wakamtoboa kidole, wakakuta sukari imeshuka vibaya. Muuguzi alituambia wazi kwamba tungemwacha nyumbani alale ulevi umtoke, tungempoteza. Wakampa sukari kwenye mshipa, wakawa wanarudi kumpima kila mara, na mama akimfuta uso kwa ncha ya khanga yake. Mimi nililia bila kujificha.

Baba alipofumbua macho, baba mkwe wangu alikuwa amesimama miguuni pa kitanda, mnyonge kabisa.

"Mzee mwenzangu, tusamehe," akasema. "Ilikuwa uonje tone tu, halafu utupitishie na sisi."

Baba alizungusha macho taratibu, akinitafuta, mpaka akaniona.

"Tone?" akasema, ulimi bado mzito. "Mwanangu huyu, nimtoe kwa tone?"