Viganja vya Mama Leokadia

Nimepiga picha za harusi na kipaimara mpaka nimechoka kuona keki. Kwa hiyo mtengeneza kalenda mmoja wa Dar aliponiambia anatafuta picha za vinyonga na magofu ya Uluguru, sikujivunga. Kihonda ninakokaa, magofu yetu ni nyumba ambazo bado hazijaisha kujengwa! Mama anayeniuzia njegere akanieleza kwamba kwao Mgeta, huko huko Uluguru, kuna mahame, nyumba tupu inayokaliwa na vinyonga, na kwamba nifikie kwa Baba Leokadia, mkulima wa kabichi, maana yeye ndiye anayeijua vizuri.

Saa moja asubuhi nilipanda Land Rover iliyoshusha kabichi sokoni na sasa ilikuwa inarudi na matenga matupu. Nilikaa juu ya tairi la akiba, kamera nimeipakata. Tulipoacha lami barabara ikaanza kupanda na kujipinda, na baridi ikanikumbusha kwamba mimi mjuaji nimevaa kandambili.

Saa sita mchana nilimkuta Baba Leokadia shambani kwake, mzee mwembamba mwenye rozari shingoni.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Kwenu wapi?"

"Nakaa Kihonda, ila kwetu Tabora."

"Mnyamwezi!" Akaangua kicheko. "Mtani wangu! Umekuja kunilimia, siyo? Jembe hilo hapo."

"Nikulimie wewe usiyejua hata kunyoosha tuta? Thubutu!"

Wanyamwezi na Waluguru ni watani tangu enzi za mababu, na mtani anaruhusiwa kusema lolote, hata msibani. Basi nikanogewa. Ng'ambo ya bonde niliona nyumba ya udongo, bati limelegea upande mmoja. Nikauliza, "Na lile gofu ni la Mluguru gani mvivu, kashindwa hata kupigilia bati?"

Hakucheka. "Langu," akasema.

Nilitamani ardhi inimeze. Tukala ugali na maharage, kisha akanisimulia mwenyewe. Kwao ardhi ni ya ukoo wa mama. Aliishi ng'ambo kwa mkewe miaka yote ya ndoa, akamzika huko, akawakabidhi shemeji zake ufunguo na kurudi kwenye ardhi ya mama yake. Binti yao, Leokadia, ameolewa Songea.

"Hawajanikataza kwenda," alisema. "Lakini nitaanzaje? Nibishe hodi kwangu? Wewe ni mtani, unaingia tu. Mke wangu ndiye aliyekandika ule ukuta wa mbele, akamalizia kwa kugandamiza viganja vyake kwenye udongo mbichi kuzunguka dirisha. Picha ya ndoa ililiwa na mchwa. Sura yake ninayo kichwani, lakini siku hizi nayo inanitoroka. Nipigie picha ule ukuta kabla masika haijauangusha."

"Hilo tu, baba? Hilo limekwisha," nikamjibu.

Saa nane nilikuwa ng'ambo. Kima wawili waliruka kutoka darini wakanifokea kutoka juu ya mti. Ukuta ulikuwa umeinama, na viganja vilikuwepo kweli, vidogo, vidole vimetanuka. Na juu ya kimojawapo, taratibu, alikuwa anatembea kinyonga wa pembe tatu! Jamani, nilisahau nilichotumwa. Nilipiga magoti, nikapanda jiwe, nikalala kifudifudi kwenye matope. Nikampiga picha mpaka alipoingia kwenye ufa, na wakati huo ukungu ulikuwa umeshafunika bonde zima.

Saa kumi na moja nilimwonyesha mzee kioo cha kamera, nikijisikia bingwa. Aliangalia picha ya kwanza, ya pili, ya kumi.

"Huyu mdudu namwona," akasema. "Mkono uko wapi?"

Sisi wapiga picha tunapenda mnyama awe wazi na kilicho nyuma yake kififie. Viganja vyote vilikuwa nyuma. Nilikuwa nimevifuta mwenyewe, picha baada ya picha. Nilimwomba radhi. "Pole na kazi," akanijibu, akaenda kufungia kuku. Heri angenigombeza.

Kesho yake mvua iliamka nasi. Land Rover ilikuwa inaondoka saa tatu. Nikamwambia dereva asinisubiri. Mzee akanipa koti lake la mvua na gambuti zilizonizidi, nikashuka bondeni. Upande wa kushoto wa dirisha ukuta ulikuwa umeanguka usiku, udongo bado umelowa chini. Upande wa kulia kilibaki kiganja kimoja. Kinyonga alikuwepo tena, karibu na mlango, rangi imekolea. Sikumgusa wala sikumpiga picha. Nilikinga kamera kwa koti, nikakipiga picha kiganja kile kikiwa wazi hadi mistari yake.

Mjini kinyonga wa pembe tatu alipendwa sana, yuko kwenye kalenda, mwezi wa nne. Picha ya gofu sikumpa mtengeneza kalenda. Siku hizi nikikuta nyumba tupu natafuta kwanza mtu wa kumuuliza ni nani aliyehama, na alihama kwa nini. Naona aibu kwamba nilihitaji kwenda hadi Mgeta kujifunza jambo dogo kama hilo.

Baada ya Pasaka nilipanda tena na picha ile, nimeisafisha kwenye karatasi kwa ukubwa wa kiganja chenyewe. Ng'ambo hapakuwa na ukuta tena, bati tu juu ya majani. Baba Leokadia alinawa mikono, akaifuta kwa shati, akaweka kiganja chake juu ya kile cha karatasi. Chake kilikifunika chote.

"Mtani," akasema mwishowe, bila kuinua mkono, "leo umenilimia."