Maji ya Mkwe

Babu alikuwa mume wangu. Naliweka hili mwanzoni ili mtu asije akashtuka mbele ya safari. Kwetu babu humwita mjukuu wake wa kike mke, na mjukuu humjibu kama mke, na watu wanacheka. Kijiji kizima cha Nkunga hakikuwa na mke mkorofi kama mimi. Nilimwambia hana meno, ananuka dawa ya kuchua, na siku nikipata kijana mwenye pikipiki ataniona mgongo tu. Yeye alisema niende salama, ila ng'ombe wake wa mahari warudi pamoja na ndama waliozaliwa.

Halafu moyo wake ukachoka. Miguu ilianza kuvimba mpaka ndala zikawa haziingii, na usiku akawa analala ameketi, mito imerundikwa mgongoni, kama abiria anayesubiri basi. Hospitalini Tukuyu daktari alisema moyo umetanuka na hausukumi damu inavyotakiwa. Akaandika vidonge, vingine vya kumkojoza ili maji ya miguuni yapungue. Kisha akasema jambo lililomuudhi babu: lazima anywe maji. Akinywa mengi mno moyo utalemewa, akinywa machache mno vidonge vitamkausha mpaka figo. Kiwango chake yeye kilikuwa chupa moja ya lita moja na nusu kwa siku, chai na uji vikihesabiwa humohumo. Na akihara au akizidiwa na kizunguzungu, asisubiri, aletwe.

"Miguu imejaa maji, na wewe unaniongezea maji," babu alimwambia. "Kwenu ndoo ikijaa mnafanyaje?"

Daktari alicheka, akamweleza taratibu kwamba maji ya miguuni yamepotea njia, yapo lakini mwili hauyapati. Babu aliitikia kwa heshima. Nilimjua. Ile ilikuwa heshima ya mtu ambaye hajakubali.

Na mtu wa Rungwe utamshawishi vipi anywe maji? Huku maji yanatoka juu, yanatoka chini, yananing'inia hewani kama nguo iliyosahaulika kambani. Julai ukungu unakaa mlangoni mpaka saa nne. Kiu tunaisikia redioni. Mtu akionekana anakunywa maji matupu asubuhi, anaulizwa kama amekwamwa na mwiba wa samaki.

Kwa hiyo nikaleta utawala. Nilichukua chupa tupu, nikaichora mistari kwa kalamu ya wino mzito, kila mstari kipindi cha shule. Juu kabisa Hisabati, kisha Kiswahili, kisha Fizikia, chini kabisa Michezo. Nilimpa Hisabati na Kiswahili kabla sijaondoka asubuhi kwenda shule, ya moto kidogo maana alisema ya baridi yanamuuma meno ambayo hana. Jioni nilimkuta ameketi barazani, nikamuuliza mahudhurio. Mara nyingine alikiri ametoroka Fizikia. Nilimsimamia anamaliza, huku nikimtisha kwamba nitaita mzazi wake, aje kutoka huko makaburini. Miguu ilipungua. Ndala zikaingia. Siku moja alitembea mwenyewe mpaka kwenye migomba kukagua, akarudi akijidai.

Tatizo lilikuwa mchana. Bibi alishafariki, baba anafanya kazi gereji Mbeya na hurudi Jumamosi, kwa hiyo mchana nyumbani alikuwepo mama peke yake. Mama ni mkwe wa babu, na babu alikuwa mtu wa zamani. Katika mila yetu mwanamke haangaliani na baba wa mumewe. Hali naye, hataji jina lake, wakikutana njiani yeye anaingia majanini. Vijana wa siku hizi wameshalegeza, wengine wanapiga picha na wakwe zao wakicheka. Mama na babu hawakulegeza hata kidogo, na wote wawili walijivunia hilo. Mama aliweka chupa juu ya kigoda barazani, akagonga mwimo wa mlango mara moja, akarudi jikoni. Babu alisubiri nyayo ziishe ndipo akasogea. Miaka yote niliyoishi sijawahi kusikia wakisemezana. Niliwaambia wao ni kama jua na mwezi, mama akanitupia mwiko.

Julai tukaingia kambi ya mtihani wa majaribio. Kidato cha nne wote walilala shuleni. Kabla ya kuondoka nilimkabidhi mama chupa na ratiba. Babu nilimwachia onyo kwamba mke akisafiri si ruhusa ya kuharibu nyumba. Akaniuliza kama huyo wa pikipiki yuko huko kambini.

Kila jioni mama alikuta chupa tupu. Alifurahi. Alinitumia salamu kwa msichana wa jirani anayesoma kutwa: mwambie mume wake anahudhuria vipindi vyote. Niliwasimulia wenzangu bwenini, tukacheka.

Siku alipoanguka ukungu ulikuwa mzito na majirani walikuwa kwenye chai, wanachuma. Mama alisikia kigoda kinabiruka. Alitoka, akasimama pembeni ya ukuta, akapiga hodi. Mtu anapiga hodi kwenye nyumba anayoishi. Alipiga tena, akamwita jirani, hakuna aliyejibu. Ndipo akaenda. Alimkuta sakafuni, midomo imekauka, macho yameingia ndani, anaongea maneno yasiyoungana. Alikaa chini, akakilaza kile kichwa mapajani mwake, juu ya kanga yake, akakaa hivyo mpaka kijana wa bodaboda aliyekuwa akipita barabarani akasikia mama anapiga kelele, akaenda kutafuta gari.

Nilipewa ruhusa nikaenda wodini. Daktari yuleyule. Alitueleza nje, mimi na mama na baba, kwamba babu amekauka, vidonge vimetoa maji na hakuna kilichorudi, na figo zimeanza kugoma. Nikauliza kwa nini basi wasimjaze tu, dripu si zipo. Akasema hapo ndipo penye shida. Moyo wenyewe hauna nguvu ya kuyabeba kwa mkupuo, yatamjaa mapafuni. Inabidi yaende kidogokidogo, na hajui kama figo zitasubiri.

Baba alisema mbona chupa zilikuwa zinaisha. Mama alikuwa anaangalia ukuta.

Niliingia mwenyewe. Babu alikuwa amepata fahamu kidogo, amekuwa mdogo kitandani. Nilimwambia mwalimu wa zamu anataka kujua ni nani amekuwa akimfanyia mtihani. Hakucheka. Alinieleza polepole, kwa Kiswahili chake chenye Kinyakyusa ndani.

"Sikuwa na kiu. Na maji aliyokuletea mkwe, ukimrudishia, umemtukana. Atasema amekosa nini. Nikawa naupa mgomba ule wa pembeni."

Mimi, mwenye mdomo unaojulikana mpaka Kinyala, nikamfunika tu shuka miguuni.

Mama alikuwa amenifuata, amesimama nyuma ya pazia la kitanda. Alisikia yote. Nesi alikuja na kikombe, akasema mgonjwa apewe funda ndogondogo, nani atamshikia. Nikanyoosha mkono. Babu akatikisa kichwa.

"Mwanangu," alisema kuelekea kwenye pazia. "Nishikie kikombe."

Mama akatoka. Macho aliyashusha sakafuni, mkono ukatafuta mdomo wa babu bila kuangalia, ukafika kwenye kidevu kwanza, maji yakamwagika kidogo shingoni. Mara ya pili ukapata. Babu akameza. Akasema, "Ndaga," ambayo kwetu ni asante, na mama akaitikia kwa sauti ndogo kama ya msichana. Akaendelea kumshikia mchana ule wote, na uliofuata. Babu alikunywa kila alichopewa. Sijawahi kumwona mwanafunzi mtiifu namna ile.

Figo hazikusubiri.

Msibani wapo wanawake waliomnong'ona mama, kwamba amemshika baba mkwe kichwa kwa mikono yake. Nilitaka kuwachana. Shangazi akanikanyaga mguu. Mama mwenyewe alikuwa anawagawia waombolezaji chai, na kila aliporudishiwa kikombe kitupu alikiinamia kwanza, akachungulia ndani.

Ule mgomba wa pembeni ya baraza umezaa mkungu mkubwa, umeelemewa, baba ameuwekea mti wa kuuegemeza. Juzi nilimwambia mama kwamba mimi nikiolewa nitampelekea baba mkwe wangu maji, nitasimama mbele yake mikono kiunoni, na nitamkodolea macho mpaka ameze. Nilidhani atanitupia mwiko.

"Msimamie," alisema. "Wakikusema, waambie mama yangu ndiye aliyenifunza."