Chupa ya Wanaojikaza

Tabibu wetu wa homeopathia hagusi dawa kwa vidole. Vidonge vyake, vyeupe na vidogo kama punje za mtama, huvimimina kwenye kifuniko cha chupa na kuvihesabu kwa ncha ya penseli. Lakini kwanza huuliza maswali, kwa sauti ya mtu anayebembeleza mtoto alale: unalalia ubavu gani, unaota nini, maumivu yakija unafanyaje. Kila jibu huliandika, kisha hulipigia mstari kwa rula, kwani dawa yake hufuata tabia ya mgonjwa, si ugonjwa tu.

Mimi na vijiwe vyangu vya mkojo tulikaa mbele yake kifua mbele. "Yakija, najikaza tu," nikamwambia. "Sitoi hata sauti." Akaandika, akapiga mstari, akatoa chupa kabatini. Kisha akamgeukia mke wangu, aliyeketi kando yangu. "Eti mama, mzee hujikaza kweli?"

"Nani, huyu? Juzi amelia mpaka jirani akaja kutupa pole, akidhani tumefiwa."

Tabibu hakucheka. Alilifuta jibu langu taratibu, akapuliza vumbi la ufutio, akairudisha chupa kabatini na kuchukua nyingine, ya wanaolia. Ile ya wanaojikaza ilikuwa imejaa pomoni. Hii yangu ilikuwa imebaki robo.