Katiba Niliyoipeleka Serikalini kwa Mkono Wangu

Juzi nimeona grupu moja la kujitolea mtandaoni limejiandikia katiba ya utani. Rais wa maisha, waziri wa stika, mambo hayo. Watu wanacheka hadi machozi.

Mie sikucheka. Nilizima simu, nikasali.

Mwaka 1992 katiba kama hiyo ilinisimamisha mbele ya meza ya serikali.

Nilikuwa nakaa Tandika, mama wa watoto wanne, miaka thelathini na nane, nasoma darasa la jioni. Ilikuwa miaka miwili tu tangu nijue kuandika. Kwa kumshukuru Mungu, sie wanafunzi sita tukajitolea kuwaandikia majirani barua bure.

Mwenzetu Kornelio, fundi seremala mwenye maneno mengi, akasema kikundi bila katiba ni genge. Akatutungia:

"Ibara ya kwanza: Rais ni yule ambaye kalamu yake haivuji.

Ibara ya pili: Atakayemcheka anayesoma kwa kidole atanyimwa chai.

Ibara ya tatu: Serikali itapinduliwa kila Ijumaa baada ya kipindi, ili kila mtu aonje urais."

Tulicheka! Mie nikainakili kujizoeza mwandiko. Juu nikaandika: Rais Eufrazia.

Sasa, Mwalimu Noela, aliyetufundisha jioni, alituzoesha kutumia karatasi pande zote mbili. Ukiacha upande mmoja mtupu, anakwambia umefuja.

Jumatatu Mzee Jabiri akaja anahema. Jirani amefukia mfereji, maji yanaingia hadi chumbani kwake. Nikachomoa karatasi, nikamwandikia barua, nikaipeleka mwenyewe ofisi ya kata. Wakagonga muhuri.

Alhamisi akaja mjumbe.

"Mama, unaitwa ofisini kesho saa tatu. Wewe uliyeandika ile barua."

Nikakumbuka karatasi niliyoichomoa, nikaingia ndani kuitafuta katiba kwenye daftari.

Haipo.

Mwaka ule vyama vingi ndiyo kwanza vinaruhusiwa, watu wanaangaliana kwa jicho la pembeni. Na mie nimepeleka serikalini tangazo la kuipindua, jina langu liko juu!

Nikamkimbilia Kornelio. Randa ikamdondoka.

"Dada Eufra, jina langu lipo?"

"Halipo."

"Bwana asifiwe!" akasema, yeye ambaye kanisani haonekani. Halafu akaninong'oneza: "Lakini kesho si ndiyo Ijumaa?"

Nilisali mpaka magoti yakauma. Asubuhi nikamwachia binti yangu mkubwa funguo na unga. Nikajifunga khanga mbili, moja ya kulalia mahabusu.

Afisa, Bwana Khalfani, alikuwa na sura ngumu. Karatasi yangu iko mbele yake.

"Wewe ndiye mwandishi?"

Nilikuwa nimemwahidi Mungu sitasema uongo.

"Ndiyo, baba. Lakini kupindua ulikuwa utani tu! Tunapindua, halafu tunakunywa chai!"

Akaweka kalamu chini.

"Kupindua nini?"

"Serikali."

Akaigeuza karatasi taratibu.

Yesu wangu! Kumbe upande ule hakuwa ameuona kabisa. Baadaye aliniambia aliniita kwa sababu ya mwandiko tu. Ilikuwa barua ya kwanza wiki ile aliyoisoma bila kubahatisha, akataka nije kuwasaidia watu pale ofisini.

Akasoma ibara ya kwanza. Ya pili. Ya tatu.

Nikangoja aite askari.

Badala yake jasho likaanza kumtoka. Akarudi upande wa barua, akakodolea macho muhuri: IMEPOKELEWA. Chini yake sahihi yake mwenyewe. Karatasi ya kupindua serikali imelala mezani kwake siku nne!

Akainuka, akafunga mlango.

"Mama, umemwonyesha nani mwingine?"

"Hakuna, baba."

"Kaa hapo. Andika barua upya. Tarehe ileile."

Nikaandika. Yeye akagonga muhuri huku jicho liko mlangoni. Ile ya zamani akaichana vipande, vyote akavitia mfukoni mwake.

Nilipofika mlangoni akaniita.

"Mama. Hiyo chai ya Ijumaa ni saa ngapi?"

Mfereji wa Mzee Jabiri ulizibuliwa. Na Bwana Khalfani alikuwa Rais wetu kwa wiki moja, hadi Kornelio alipompindua.

Nyie wa magrupu, tanianeni tu, si dhambi. Na yule unayemwogopa, huenda naye anaogopa kama wewe.

Ila mie siku hizi, kabla sijapeleka karatasi popote, naigeuza kwanza. Kisha ndipo nasali.